Swali la Nne

9 Januari

Kwako mdogo wangu Rula,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za cherehani yangu pia, maana ndiyo inayoongea kutwa humu ndani. Sisi hatujambo. Shemeji yako mguu umepona, sasa anatembea kwa madaha utadhani alilazwa ili ajifunze mwendo. Mpwa wako kafaulu mtihani, kajiona mkubwa, hataki tena kutumwa dukani. Wifi yangu hajambo? Mwambie gauni lake nimekwisha kulikata, ila kiuno nimekikisia. Kama kanenepa asinilaumu.

Sasa la maana. Mama alianguka bafuni siku tatu baada ya mwaka mpya. Simu niliyokupigia ilikatika sijamaliza, na ulipopiga tena ulikuwa kwenye mkutano unanong'ona, nikaona bora niandike. Kwa simu mimi na wewe tunadanganyana sana. Mfupa wa nyonga umevunjika. Wameshamfanyia upasuaji na kuweka chuma, lakini wodi aliyopo si ya kukaa muda mrefu. Daktari anasema atahitaji kulazwa miezi kadhaa mahali wanapojua kuhudumia wazee, na katupa wiki mbili tuchague. Ziko hospitali mbili, ya kilimani na ile ya nyuma ya soko.

Shemeji yako anasema ya sokoni kwa kuwa ni karibu. Nimemwambia angoje, tunaye mtu ambaye kazi yake ni kupima hospitali. Tangu utotoni ulikuwa unapima kila kitu kwa rula yangu ya kushonea, mpaka mkia wa paka. Haya, sasa tupimie na hili. Mama apelekwe wapi? Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia, na majibu mpe yeye yeye.

Dada yako


13 Januari

Dada yangu mpendwa,

Dereva wako kaja mpaka mlangoni pa ofisi, walinzi wakadhani kaleta malalamiko. Huku tuko salama. Wifi yako kanenepa, lakini hilo hukulisikia kwangu. Mpwa wangu mpe hongera na umwambie dukani ataenda hata akiwa profesa.

Habari ya Mama imenikata maini. Lakini nimefarijika kwamba umeniuliza mimi, kwa sababu hili si jambo la kukisia tena. Mwaka jana tulizipima hospitali zote zinazolaza wazee. Zamani walikuwa wanahesabu vitanda na dawa tu. Sisi tumekwenda kumuuliza mzee mwenyewe, kitandani kwake, maswali kumi na mawili, na hakuna muuguzi anayeruhusiwa kujibu kwa niaba yake. Ya kilimani imepata alama tisini na nne kwa mia. Ya sokoni imepata sitini na moja. Chukua swali la nne peke yake, la maumivu. Kilimani karibu wazee wote wamejibu kwamba hawana, na sokoni karibu nusu wanalalamika. Tofauti kubwa namna hiyo haiji kwa bahati.

Mpelekeni kilimani. Shemeji atanung'unika kwa ajili ya kupanda kile kilima, lakini si mguu umepona?

Mimi siwezi kuja sasa, tunaanza mzunguko wa mwaka huu na Mkuu wetu hatoi likizo. Mwambie Mama kwamba Rula wake amempimia vizuri.

Mdogo wako


10 Februari

Kwako Rula,

Hatujambo, na tunaomba nanyi iwe hivyo hivyo. Gauni la wifi nimelipanua, nimelipa jina la koti. Shemeji yako amenunua redio mbovu ili aitengeneze, sasa tuna redio mbovu mbili.

Mama tulimpeleka kilimani kama ulivyosema. Ni pazuri, sitasema uongo. Sakafu inang'aa, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, na shuka zimekunjwa pembeni kwa ufundi ambao hata mimi mshonaji nimeusifu. Vitanda arobaini wodi moja, na kimya! Wauguzi ni wawili na mkuu wao, ambaye wagonjwa wanamwita Mama Funguo kwa sababu anasikika kabla hajaonekana. Wana adabu wote. Kila asubuhi wanapita kitanda kwa kitanda, wanasalimia, wanaandika.

Ni vitu vidogo tu nimeviona. Kikombe cha maji kinawekwa juu ya kabati ambako mkono wa Mama haufiki. Sahani inaletwa na mtu mmoja, inaondolewa na mwingine haijaguswa, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba hakula. Na sijaona mtu akimgeuza. Mimi naruhusiwa saa nane mpaka saa kumi. Namnywesha, namlisha, nainua mto, mara kengele imelia nitoke.

Jumanne watu wako walikuja kupima, nami nilikuwepo. Binti mpole, kitambulisho kifuani, fomu mkononi. Nilijivuna, nikataka kumwambia kwamba huyu mzee kamzaa bosi wako, nikameza. Akainama: "Hujambo bibi?" Mama akamjibu, "Sijambo mwanangu, wewe hujambo?" Binti akaweka alama. "Wanakuhudumiaje?" "Nashukuru." Alama nyingine. Wakaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, mara binti yuko kitanda cha pili. Chai ya moto isingepoa. Alipokwisha kupita Mama akanivuta mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, mgongo unawaka moto."

Nilicheka, maana ndiye Mama huyo. Halafu kicheko kikanikauka. Rula, yule binti aliandika nini?

Dada yako


21 Machi

Dada,

Usinihesabie siku, tafadhali. Nimekuwa safarini mikoa minne, nalala kwenye nyumba za wageni ambazo kunguni wake wangestahili kupimwa pia. Wifi yako anakushukuru kwa koti. Shemeji mwambie redio ya tatu aniletee mimi.

Kuhusu mgongo wa Mama, waambie wamgeuze kila baada ya saa mbili. Ndio utaratibu, umo kwenye mwongozo wao, ukurasa wa tisa. Waonyesheni.

Yule binti alifuata fomu. Fomu iliandaliwa na kamati ya watu saba, ikajaribiwa, ikapitishwa. Kitanda kimoja hakiwezi kubadilisha picha nzima, na ungeona takwimu zote ungenielewa.

Nitakuja ripoti ikiisha.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Nimesubiri wiki sita nikaletewa ukurasa wa tisa. Basi sikiliza.

Jumapili nilimgeuza Mama zaidi ya siku zote, nikaona. Ana kidonda chini ya kiuno, ukubwa wa kiganja changu, na katikati ni cheusi. Kinanuka. Siku zote hizo nilidhani ile ni harufu ya wodi. Nilimwita Mama Funguo kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaja, akaona, akashika mdomo. Halafu akafungua faili akanisomea: tarehe kumi, hajambo. Kumi na moja, hajambo. Jana, hajambo. "Mama yenu hajawahi kulalamika hata siku moja," akasema, "ndiyo maana tunampenda." Hakuwa anajitetea, Rula. Alikuwa anaamini.

Nikamuuliza Mama kwa nini hawaambii. Akanishangaa kana kwamba nimepoteza malezi. "Mtu akikusalimia utamrukia na kidonda? Unaitikia kwanza. Akikaa, ndipo unamwambia."

"Na wakikosa kukaa?"

"Hawakai. Wana kazi nyingi, watoto wa watu."

Usiku huo sikushona kitu. Hivi sisi barua zetu tunaziandikaje? Nikikuandikia hatujambo, unajua habari yenyewe iko chini. Ungesoma mstari wa kwanza ukaikunja karatasi, ungejua nini kuhusu nyumba yetu? Ninyi mmewapima wazee wa nchi nzima kwa mstari wa kwanza.

Nimekwenda sokoni kuona kwa macho yangu. Kuna muuguzi mmoja mfupi, mnene, anatembea na kigoda chake mkononi. Anakiweka kando ya kitanda, anakaa, anasalimia, anaitikiwa, halafu anasema: "Haya, sasa niambie." Na wanamwambia! Huyu mguu, huyu jino, yule tumbo limefunga tangu juzi, wodi nzima kelele kama mnadani. Ndizo hizo sitini na moja zako. Nilisimama mlangoni nikalia kama mtoto.

Sokoni wana kitanda na wako tayari kumpokea. Kilimani ndio hawatoi karatasi ya kumhamisha, na bila karatasi sokoni hawaruhusiwi. Mganga mkuu kanieleza bila ubaya. Hawezi kuandika kwamba mgonjwa anatoka hospitali ya tisini na nne kwenda ya sitini na moja, ataulizwa sababu, na kwenye faili sababu hakuna. Mpaka watu wa vipimo wenyewe waandike kwamba alama zile zina kasoro. Watu wa vipimo ni wewe. Kitanda wanatushikilia siku kumi. Usipige simu, kwa simu utaniambia tutaona nami nitakubali. Andika, piga muhuri, mpe dereva.

Dada


8 Aprili

Dada yangu,

Salamu kwa shemeji na mpwa. Wifi yako amelia tangu nilipomsomea barua yako. Mimi nimeshindwa hata hilo.

Nilikuambia habari ya kamati ya watu saba. Ni kweli walikuwa saba, lakini swali la nne niliandika mimi. Mwanzoni lilikuwa hivi: "Je, unasikia maumivu sasa hivi? Wapi? Tangu lini?" Tulipolijaribu, wapimaji wakarudi wamechoka. Wazee walikuwa wanaongea nusu saa kila mmoja, wanafunua nguo, wanaonyesha. Mpimaji mmoja alimaliza vitanda vitatu kwa siku nzima. Mkuu akasema tafuta neno moja ambalo kila mzee analijua na halimkeri. Nikatafuta, nikaandika "Hujambo?" Akijibu sijambo, hana maumivu. Siku hiyo vitanda vilimalizika vyote, na nilipongezwa mbele ya watu. Hakuna kati yetu saba aliyestuka, na wote tuna wazazi.

Barua yako nimempelekea Mkuu. Nimemweleza yote. Kasoma, kavua miwani, kasema pole sana, na pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu akasema tukilibadilisha swali, za mwaka huu hazitalingana na za mwaka jana, na hatutajua kama nchi imepanda au imeshuka. Kuhusu kuwaandikia kilimani, amesema mpimaji hawezi kuandika juu ya mgonjwa aliye ndugu yake, lazima lipelekwe ngazi ya juu. Nimelipeleka. Naambiwa wiki hii au ijayo.

Mwambie Mama asiwaitikie. Mwambie walie wote wodi nzima. Sijui, Dada. Mwambie unavyoona.

Mdogo wako


20 Mei

Rula,

Kitanda cha sokoni kilipewa mtu mwingine siku moja kabla barua yako haijafika. Hilo sikukuambia msibani. Ulikuja, ukakaa na wanaume, ukabeba, ukazika, ukaondoka na basi la jioni. Nilikuona unanikwepa, nami nikashukuru, kwa sababu ningesema kitu mbele za watu.

Sasa nakuambia mwisho wake ulivyokuwa, maana hukuuliza. Nilifanya ulivyosema, nikamfundisha. Nilimwambia, Mama, asubuhi wakikusalimia usiseme sijambo, sema mgongo unauma. Alikataa, akaona aibu, mwishowe akakubali kwa ajili yangu. Kesho yake nilipofika nikamuuliza ilikuwaje. Akasema alisalimiwa, akaanza kutafuta namna ya kulisema bila kumvunjia mtu heshima, na alipolipata neno muuguzi alikuwa kitanda cha tatu. "Mimi ni mzito," akaniambia, "kesho nitaharakisha." Kesho hiyo homa ilipanda. Sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Siku nne hakunitambua, ya tano akafariki saa tatu asubuhi, wakati wa kupita vitanda. Sikuwepo. Saa zangu zilikuwa hazijafika.

Sikulaumu ulivyodhani. Mimi pia nilikuwa nikiondoka kila siku saa kumi kengele ikilia, mtu mzima na miguu yangu. Ningeng'ang'ania kitanda wangenifanya nini?

Sikuandikii kwa ajili ya Mama. Unamjua fundi viatu, jirani yangu wa kibanda. Baba yake amepooza upande mmoja, na wanataka kumpeleka kilimani. Nimemwambia usimpeleke, mpeleke sokoni. Ananipa pole. Anasema uchungu ndio unaongea, na ananionyesha karatasi waliyogawiwa, ina namba kubwa katikati na chini sahihi yako. Kumbe unatia sahihi kama ulivyokuwa unatia kwenye madaftari ya shule, na mstari chini. Mtu wa watu anaamini namba, na ni namba ya mtu anayemjua.

Mwandikie. Ukurasa mmoja, kwa jina lake, si kwa ofisi wala kwa ngazi yoyote. Mwambie kama uliyeandika swali: hiyo namba si kweli, mpeleke sokoni. Wewe atakuamini. Wanampeleka mzee Jumatatu ya pili ya Juni. Sijakuomba kitu tangu tumezika, naomba hiki.

Dada


27 Juni

Dada yangu,

Najua tarehe. Usidhani nimeisahau.

Huku hatujambo kwa maana ile unayoijua. Wifi yako amerudi kwao kwa muda. Anasema nimekuwa mtu ambaye lazima wengine wamjibie.

Ripoti imetoka. Kilimani wamepata tisini na tano. Kabla ya kutia sahihi nilimtafuta Mama humo. Majina hatuandiki, lakini nilimpata kwa wodi na kitanda. Mwanamke, miaka sabini na nane, maumivu: hana. Nilikaa na mstari ule saa nzima. Nilikuwa na uwezo wa kuufuta au kuubadilisha, nikauacha kama ulivyo, nikatia sahihi. Ngazi ya juu walijibu pia. Wamesema hoja yangu ni nzuri na itazingatiwa fomu itakapopitiwa upya, baada ya miaka miwili.

Kuna jambo nimelificha. Mwezi wa nne, nilipokuwa naomba ruhusa kwa huyu na yule, muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Ningeandika mistari mitatu nikaupiga na dereva angeondoka nayo asubuhi ile. Wangenifukuza labda, au wasingegundua kabisa. Sikufanya kwa sababu niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu walionipongeza. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo, sijaipata.

Barua ya fundi viatu nimeiandika mara nne. Kila nikifika kwenye maneno "mimi ndiye niliyeandika" naichana. Ya nne niliimaliza, nikaiweka kwenye bahasha, nikaandika jina lake juu. Iko hapa mezani. Jumatatu ile ya Juni ilipita nikiitazama.

Niambie kama bado inafaa kuituma.

Mdogo wako


6 Julai

Rula,

Nimepokea barua yako. Mrudie wifi yangu umwombe, huyo bado yuko hai.

Baba yake fundi viatu alipelekwa siku ile ile waliyopanga. Mwanawe kafurahi mno. Ananisimulia kila akirudi, jinsi sakafu inavyong'aa, jinsi wauguzi walivyo na adabu, jinsi wodi ilivyotulia. Wamebandika cheti kipya mlangoni. Juzi nilijaribu kumwambia tena, akanikatiza kwa upole, akasema, "Dada, mzee hajambo, nimemuuliza mwenyewe."

Jana alikuja kibandani na kipande cha sponji alichokitoa kwenye kiti cha gari bovu. Kaniomba nimshonee baba yake mto wa duara, wenye tundu katikati, wa kuweka chini ya kiuno. Nilikitazama kile kipande, nikamtazama na yeye. Hakusema ni wa nini, nami sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba kitambaa kiwe laini sana.

Nimemshonea miwili, mmoja wa kubadilisha.

Dada yako